Silikoni Mbele ya Mchunguzi wa Hataza

Dai la hataza huandikwa kwa sentensi moja tu. Linaweza kujaza ukurasa mzima, likawa na vipimo kumi na nukta mkato za kutosha kumchosha msomaji, lakini kituo ni kimoja, mwishoni kabisa. Haki yote ya mvumbuzi imo humo. Maelezo marefu yanayoandamana na dai, michoro na majedwali ya majaribio, kazi yake ni kulifafanua. Anayeshtakiwa kwa kuiga hushtakiwa kwa maneno ya sentensi ile, na anayetaka hataza ifutwe huishambulia sentensi ile ile.

Tangu betri za lithiamu ziingie kwenye simu, kompyuta na sasa magari, sentensi hizo zimefurika. Septemba 2020, Ofisi ya Hataza ya Ulaya na Shirika la Kimataifa la Nishati zilitoa ripoti ya pamoja kuhusu uvumbuzi wa kuhifadhi umeme. Kati ya mwaka 2005 na 2018 uvumbuzi huo ulikua kwa wastani wa asilimia 14 kila mwaka, mara nne ya wastani wa fani zote, na karibu asilimia 90 yake ulihusu betri. Ndani ya mafuriko hayo kuna mkondo mmoja unaowashughulisha wachunguzi wa ofisi za hataza za Munich, The Hague, Beijing, Tokyo, Daejeon na Alexandria kule Virginia: maombi ya hataza za elektrodi hasi iliyotengenezwa kwa silikoni.

Mimi nina maoni yangu kuhusu maombi hayo. Anayetaka kujua betri ya kesho itakuwaje, aachane na matangazo ya kampuni asome barua ambazo wachunguzi huwaandikia mawakili wa kampuni hizo. Ombi likishachapishwa, barua hizo huwa wazi na kuzisoma ni bure. Ndani yake mtu anayelijua jambo analazimika kuuliza kwa maandishi, bila kupiga makofi: hiki ulichokileta ni kipya kwa lipi?

Tuanze na betri yenyewe. Ndani yake mna tabaka mbili zilizotenganishwa na utando mwembamba, na zote zimelowa elektroliti. Unapochaji, ioni za lithiamu huhama kutoka upande chanya na kujificha upande hasi. Unapoitumia simu, hurudi zilikotoka. Upande hasi ni karatasi nyembamba ya shaba iliyopakwa kaboni, na kwa miaka mingi kaboni hiyo kwa sehemu kubwa imekuwa kinywe, madini yale yale yaliyolala Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi. Kinywe kina tabia njema. Atomu sita za kaboni hushika atomu moja ya lithiamu, gramu moja hubeba miliampea-saa 372 kwa hesabu ya kinadharia, na ujazo wake hauongezeki zaidi ya asilimia kumi hivi.

Silikoni ina tamaa zaidi. Katika joto la kawaida atomu nne za silikoni hushika atomu 15 za lithiamu, na gramu moja inaweza kubeba miliampea-saa zinazokaribia 3,600. Hiyo ni mara tisa na ushei ya kinywe. Tena si kitu adimu: baada ya oksijeni, hakuna elementi iliyo nyingi kuliko silikoni katika gamba la dunia. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa. Chembe ya silikoni ikishaishika lithiamu huumuka kama donge la unga lililotiwa hamira, hadi ujazo wake ukakaribia mara nne ya ule wa mwanzo. Lithiamu ikitoka, hunywea. Baada ya kuumuka na kunywea mara kadhaa chembe hupasuka. Kila ufa huanika uso mpya mbele ya elektroliti, na kila uso mpya hujijengea utando wa mabaki ya kemikali. Kwenye kinywe utando huo hujengeka mwanzoni na kutulia. Kwenye silikoni hujengeka, huvunjika na kujengeka tena, na kila mara humeza lithiamu ambayo haitarudi kazini.

Karibu kila ombi la hataza katika fani hii ni jibu kwa tatizo hilo moja, na hapo ndipo mchunguzi anapopata kazi. Tatizo ni la zamani, na majibu mengi yamekwisha kutolewa. Mwaka 1976 Sharma na Seefurth wa kampuni ya General Motors walichapisha vipimo vyao vya mfumo wa lithiamu na silikoni kwa betri za joto kali. Mwaka 1999 Hong Li na wenzake wa Taasisi ya Fizikia ya Beijing walitoa makala kuhusu silikoni ya chembe za nanomita iliyochanganywa na kaboni. Mwaka 2008 kundi la Yi Cui wa Chuo Kikuu cha Stanford lilionyesha nyuzi za silikoni zilizooteshwa moja kwa moja juu ya bamba la chuma, zikiwa na nafasi ya kuvimba bila kuvunjana. Mwaka 2012 watafiti wakitazama kwa hadubini ya elektroni waliona kwamba chembe zenye kipenyo chini ya nanomita 150 hivi huvimba bila kupasuka. Tangu hapo, atakayekuja ofisini akidai amegundua kwamba chembe ndogo ni bora kuliko kubwa atasomewa orodha hiyo yote.

Wengine wamepita njia ya oksidi ya silikoni, ambayo haivimbi sana kama silikoni tupu lakini hupoteza lithiamu nyingi katika chaji ya kwanza. Kampuni ya Japani ya Shin-Etsu imejijengea ngome ya hataza huko. Wengine huchukua kaboni yenye vitundu vidogo mno, wakapitisha gesi ya sileni, na silikoni ikaganda ndani ya vitundu hivyo. Group14 ya jimbo la Washington inajulikana kwa njia hiyo. Sila, iliyoanzishwa na Gene Berdichevsky pamoja na Gleb Yushin wa Georgia Tech, ilitoa bidhaa yake ya kwanza sokoni mwaka 2021 ndani ya mkanda wa mkononi wa Whoop, na mwaka 2023 Honor ya China ikaleta simu yenye betri ya silikoni na kaboni. Wapo pia walioiacha chembe wakahangaika na gundi inayoishikilia kwenye karatasi ya shaba. Yushin na wenzake walichapisha mwaka 2011 kwamba algineti, inayotokana na mwani wa kahawia, hushika silikoni vizuri kuliko gundi za kawaida. (Wakulima wa Paje na Jambiani wasikimbilie kubadili mbegu. Mwani wa Zanzibar ni wa jamii nyekundu na hutoa karajini, kitu kingine kabisa.)

Ombi linapofika, kwanza hupewa namba za ainisho. Silikoni iko H01M 4/38 na ndugu zake. Oksidi H01M 4/48. Mchanganyiko wa nyenzo mbili au zaidi H01M 4/36. Gundi H01M 4/62. Namba hizi zinachosha kuzisoma lakini ni ufunguo. Espacenet, hazina ya nyaraka ya ofisi ya Ulaya, ina nyaraka zaidi ya milioni 150, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuipekua bila kulipa. Mchunguzi huunganisha namba hizo na maneno, akapata mamia ya nyaraka, nyingi kwa Kichina, Kijapani na Kikorea. Huzichuja mpaka zibaki tatu au nne zinazouma, akaziita D1, D2, D3. Kuanzia hapo mvutano wote unahusu D1.

Sheria za hataza zimemuumba mtu wa ajabu ili kumsaidia mchunguzi. Ni mtaalamu wa kawaida wa fani, asiye na jina wala umri. Amesoma kila kilichochapishwa duniani kabla ya siku ombi lilipowasilishwa, kwa kila lugha, na hajasahau hata jedwali moja. Ila hana hata tone la ubunifu. Dai likiwa ni jambo ambalo mtu huyu angelifikia kwa kufuata tu aliyoyasoma, basi halina hatua ya ubunifu na hataza haitolewi. Nampenda mtu huyu, kwa sababu hana upendeleo wa lugha wala wa nchi. Mwaka 1986 mahakama ya rufaa ya Marekani inayosikiliza mashauri ya hataza, katika shauri la Hall, ilikubali kwamba nakala moja ya tasnifu iliyoorodheshwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, ilitosha kuzuia hataza. Kwa kanuni hiyo hiyo, tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili na kuorodheshwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikieleza namna ya kutengeneza elektrodi, ingekuwa na nguvu sawa na makala ya jarida la London. Na kwa vijana wa Kyela au Mwea ambao wameshaanza kufikiria pumba za mpunga, ambazo kweli zina silika nyingi, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni: watafiti wa Korea walichapisha njia ya kuzigeuza kuwa silikoni ya betri mwaka 2013. Biashara mnaweza kuifanya. Hataza ya wazo hilo tupu hamtaipata.

Ili tuone mvutano unavyokwenda, tuchukue ombi la kubuni, lililoundwa kwa vipande vinavyoonekana katika maombi mengi ya kweli. Dai la kwanza linasema: nyenzo ya elektrodi hasi yenye chembe za silikoni zilizofunikwa kaboni, ambapo kipenyo cha wastani cha chembe ni nanomita 50 hadi 200, kaboni ni asilimia 5 hadi 20 ya uzito, na uwiano wa vilele vya D na G katika spektra ya Raman ni 0.8 hadi 1.3.

Mchunguzi anaichukua D1, hati ya zamani kutoka Japani. Mfano wake wa pili una chembe za nanomita 100 na kaboni ya asilimia 10. Kwa kanuni ya upya, thamani moja iliyokwisha kutajwa ndani ya mpaka unaodaiwa inatosha kuubomoa mpaka wote. Mahakama ya Marekani ililisema hilo mwaka 1985 katika shauri la aloi ya titani, Titanium Metals dhidi ya Banner, na ofisi ya Ulaya inashika msimamo wa namna hiyo hiyo. Vipimo viwili vya kwanza vimeanguka. Kimebaki cha tatu, kile cha Raman.

Chandrasekhara Venkata Raman, Mhindi aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1930, asingedhani mwanga wake ungekuja kuwa kichaka cha mawakili. Ukipiga kaboni kwa leza, vilele viwili hujitokeza: G ya kaboni iliyojipanga vizuri, na D ya kaboni yenye vurugu ndani yake. Uwiano wao hueleza jinsi kaboni ilivyojipanga. D1 haikupima kitu hicho. Haikuwa na haja. Mwandishi wake alifunika silikoni yake kwa kaboni, akajaribu betri, akaandika matokeo, akaondoka. Wakili anasimama hapo: uwiano huu hautajwi popote katika D1, kwa hiyo dai letu ni jipya.

Hapa ndipo ninapochukizwa na fani hii, na ndipo pia ninapoiheshimu. Kupima kitu kwa chombo ambacho aliyekutangulia hakukitumia hakukifanyi kitu hicho kuwa chako. Ukioka mkaa ule ule kwa joto lile lile, uwiano utakuwa ule ule, uwe umepimwa au hukupimwa. Mchunguzi mzuri hurudi kwenye D1 na kusoma namna nyenzo ilivyotengenezwa: gesi ya methani, nyuzi joto 900, saa mbili. Kisha hufungua ombi lililo mezani: gesi ya methani, nyuzi joto 900, saa mbili na nusu. Anaandika kwamba njia ikiwa ni moja kivitendo, zao linadhaniwa kuwa moja, na ni juu ya mwombaji kuthibitisha tofauti. Miongozo ya China inaliweka hilo wazi: dai likijitofautisha kwa kipimo ambacho hakimwezeshi mchunguzi kuona kama zao kweli linatofautiana kwa muundo au viambato na lile lililotangulia, anaweza kudhania kwamba halina upya. Ofisi nyingine hufika pale pale kwa maneno mengine.

Lakini si kila kipimo ni pambo, na anayesema hivyo hajaishika nyenzo yenyewe. Chukua oksidi ya silikoni. Ukiichoma hadi nyuzi joto 1,000 na kitu, hujitenga yenyewe kuwa visiwa vidogo vya silikoni ndani ya bahari ya silika. Visiwa hivyo hukua kadiri joto linavyopanda, na vikikua mno, ule ugonjwa wa kupasuka hurudi. Ukubwa wake hupimwa kwa eksirei, kwa kuangalia unene wa kilele kinachotokea kwenye pembe ya nyuzi 28.4 hivi: kilele kikiwa kinene, fuwele ni ndogo. Mwombaji anayedai kwamba fuwele zisizidi nanomita kadhaa anasema jambo linaloamua maisha ya betri, na aliyemtangulia akiwa alichoma kwa joto jingine, tofauti ni ya kweli. Namba ile ile, iliyoandikwa kwa mtindo ule ule wa kisheria, mara inatawala maada na mara inaipaka rangi tu. Hakuna kanuni itakayomwambia mchunguzi ipi ni ipi. Lazima aijue kemia.

Turudi kwa mwombaji wetu. Anatengeneza upya mfano wa D1 katika maabara yake na kupata uwiano wa 1.6. Ameokoka; dai ni jipya. Sasa linakuja swali gumu zaidi, la hatua ya ubunifu. Ofisi ya Ulaya hulipanga kwa hatua: tafuta hati iliyo karibu zaidi, tazama tofauti, uliza tofauti hiyo inaleta faida gani, kisha uliza kama yule mtaalamu asiye na ubunifu angeifikia. China hupita njia inayofanana sana. Faida ndiyo kila kitu hapo, na faida imo katika jedwali.

Jedwali la mwombaji linavutia. Nyenzo yake imebakiza asilimia 88 ya uwezo baada ya mizunguko 100 ya chaji. Nyenzo ya kulinganishia imebakiza asilimia 71. Mchunguzi anashuka hadi kwenye maelezo madogo chini ya jedwali. Nyenzo ya kulinganishia ilikuwa silikoni tupu, haikufunikwa kaboni hata kidogo. Basi kilichothibitishwa ni kwamba kaboni inasaidia, jambo ambalo D1 ilishalisema. Kwamba uwiano wa 0.8 hadi 1.3 ni bora kuliko 1.6, hakuna hata mstari mmoja unaoonyesha.

Kisha anaangalia betri iliyotumiwa. Ni kile kidonge kidogo cha maabara, ambacho upande wa pili kimewekewa kipande cha metali ya lithiamu. Mafundi wa fani hukiita nusu-seli. Ndani yake lithiamu haiishi: kila inayoliwa na utando hujazwa na metali ile. Kwenye betri ya dukani lithiamu ni ile tu iliyoletwa na upande chanya, na ikiliwa imeliwa. Nyenzo inaweza kung'ara kwenye nusu-seli na kufa mapema kwenye simu. Hili pekee halimnyimi mtu hataza, maana sheria haidai bidhaa iliyokamilika. Lakini mwombaji akidai faida ya maisha marefu ya betri huku ushahidi wake ukiwa umelishwa lithiamu isiyokwisha, mchunguzi ana haki ya kukunja uso.

Mwombaji anaweza kuleta majaribio mapya, yaliyofanywa baada ya kuwasilisha ombi? Swali hili lilifika kwenye baraza la juu la rufaa la ofisi ya Ulaya, likajibiwa Machi 2023 katika uamuzi wa G 2/21. Kwa ufupi, ushahidi wa baadaye haukataliwi kwa sababu tu umechelewa, ila faida inayotetewa iwe ni ile ambayo mtaalamu, kwa kulisoma ombi la awali, angeiona imo ndani ya fundisho lake. Huwezi kuomba hataza kwa ajili ya maisha marefu, kisha ukakwama, ukakumbuka kwamba nyenzo yako pia inachaji haraka.

Kuna mtego mwingine, wenye sura ya kawaida kabisa: neno "wastani". Kipenyo cha wastani cha nini? Chembe za nanomita hushikamana na kuwa madonge ya mikromita kadhaa. Mashine ya leza huyapima madonge; hadubini huzipima chembe. Wastani wa idadi si wastani wa ujazo, kwa sababu donge moja kubwa lina uzito mkubwa kuliko chembe elfu ndogo. Ombi lisilosema limepima kipi, na kwa njia gani, linaweza kuwa na namba nzuri isiyoshikika. Mshindani hatajua kama yuko ndani ya uzio au nje, na huenda hata mvumbuzi mwenyewe asijue. Wachunguzi hulipigia kelele jambo hili kila wiki, na sioni kama mawakili wamelisikia.

Mwombaji wetu sasa anabanwa. Anataka kulipunguza dai: uwiano uwe 0.9 hadi 1.1, maana mifano yake mizuri imo humo. Mchunguzi anauliza: 0.9 umeitoa wapi? Katika ombi la awali kuna 0.8, kuna 1.3, na kuna mifano ya 0.94 na 1.07. Hakuna 0.9 wala 1.1. Ulaya na China haziruhusu kuingiza kitu ambacho hakikuwemo siku ya kwanza, hata kama ni namba iliyo katikati ya namba mbili zilizoandikwa. Ulaya ina adhabu ya ziada kwa anayefanikiwa kulipitisha kosa hilo. Hataza ikishatolewa, mshindani ana miezi tisa ya kuweka pingamizi. Akionyesha kwamba namba hiyo iliongezwa, mwenye hataza hawezi kubaki nayo kwa sababu haikuwemo, wala hawezi kuiondoa kwa sababu dai litapanuka, na kulipanua dai baada ya hataza kutolewa ni marufuku. Hataza inakufa papo hapo, hata kama nyenzo ni nzuri kiasi gani.

Mwisho wa ombi letu la kubuni si wa kishujaa. Wakili anakuta katika ukurasa wa 14 sentensi inayosema kwamba kaboni huwekwa kwa awamu mbili, ya kwanza kwa joto dogo na ya pili kwa joto kubwa. Analiingiza hilo kwenye dai, analeta jaribio linalolinganisha awamu moja na mbili, na mchunguzi, baada ya kupekua tena, anakubali. Sentensi imerefuka, haki imepungua. Mshindani anayefunika kwa awamu moja amebaki huru.

Kazi yote hiyo hupewa muda gani? Michael Frakes na Melissa Wasserman, wasomi wa sheria wa Marekani, wameandika kwamba mchunguzi wa nchi hiyo hutumia wastani wa saa 19 tu kwa ombi moja, kuanzia kulisoma hadi uamuzi wa mwisho. Walionyesha pia kwamba kadiri mchunguzi anavyopanda cheo na kupunguziwa saa, ndivyo anavyozidi kuruhusu maombi. Huko Beijing, ofisi ilipokea maombi zaidi ya milioni 1.6 ya hataza za uvumbuzi kwa mwaka 2023 peke yake. Hataza mbaya zinapopita, mara nyingi si uzembe wala rushwa. Ni saa zimekwisha.

Na sisi huku? Hataza ni haki yenye mipaka ya nchi. Mwenye uvumbuzi huomba kwao, kisha ana miezi 12 ya kuomba kwingine akiwa na tarehe ile ile ya kwanza. Akipitia mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza, kwa kawaida muda huongezeka hadi miezi 30 au 31 kabla ya kuingia nchi moja moja. Kwa Afrika Mashariki anaweza kuja kwenye ofisi ya hataza ya Tanzania, BRELA, jijini Dar es Salaam, ya Kenya, KIPI, jijini Nairobi, au kupitia shirika la kikanda la ARIPO lililoko Harare na kuzitaja nchi anazozitaka. Asipofanya hivyo muda ukapita, uvumbuzi wake kwa Tanzania au Kenya ni mali ya yeyote, na maelezo ya kuutengeneza yamekwisha kuchapishwa, miezi 18 tu baada ya tarehe ya kwanza. Fundi wa Arusha anaweza kuifuata hati hiyo hatua kwa hatua bila kumlipa mtu. Akijaribu kuuza betri zake Ujerumani, ambako hataza ipo, atazuiwa bandarini. Muda nao unasonga. Hataza hudumu miaka 20 tangu kuombwa, na zile zilizoombwa wakati wa joto la nyuzi za silikoni, mwaka 2007 na 2008, zitamalizika mwaka 2027 na 2028.

Wenye leseni za kinywe Mahenge na Ruangwa, na jirani zao wa Balama upande wa Msumbiji, huulizwa kama silikoni itawaua. Madai ya hataza yenyewe yanajibu vizuri kuliko washauri wa biashara. Soma madai ya chini, yale yanayofuata la kwanza: mara kwa mara utakuta silikoni ikichanganywa na kinywe, silikoni ikiwa sehemu ndogo na kinywe kikibaki ndicho kingi. Sababu ni ile ile ya kuumuka. Mwenye kudai silikoni tupu ana mzigo mkubwa zaidi wa kuthibitisha, na wachache wanaoubeba.

Jambo la mwisho ni la vitendo. Katika ofisi ya Ulaya, ombi likishachapishwa, mtu yeyote anaweza kumwandikia mchunguzi na kumwonyesha hati ambayo hakuiona. Halipiwi, na si lazima kutaja jina. Mwanafunzi wa kemia wa Dodoma au Kisumu aliyesoma makala ya zamani ambayo mashine za kupekua zimeikosa anaweza kuituma jioni ya leo kupitia intaneti, na itaingia kwenye jalada. Barua yake iandikwe kwa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani. Hati anayoiambatanisha kama ushahidi inaweza kuwa kwa lugha yoyote.